Mwacheni mtazamaji aingie mchezoni

Hapa Mombasa tumechoka na michezo ya kuigiza inayokuja na jibu mfukoni. Kikundi kinashuka Majengo na spika na fulana za mfadhili. Kijana anatumia unga, yaani dawa za kulevya, anafukuzwa nyumbani, anajuta, kisha tunaambiwa unga ni mbaya. Nani hakujua? Mama aliyeibiwa sufuria na mwanawe wa kumzaa?

Huyo mama anahitaji nafasi ya kujaribu. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, alilielewa hilo miaka ya 1970. Kwa njia yake, mchezo unachezwa mpaka mambo yaharibike, kisha unarudiwa, na mara hii mtazamaji yeyote anaweza kuusimamisha, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Waigizaji hawana maneno waliyokariri. Wanamjibu papo hapo, na hawamlegezei. Boal alipochaguliwa diwani Rio de Janeiro mwaka 1992, alitumia michezo hiyo hiyo kusaka sheria ambazo wananchi walizitaka, na kadhaa zikapitishwa.

Niliwahi kuuona mchezo wa namna hiyo Kisauni. Bi mmoja mtu mzima, na buibui lake, aliingia mahali pa mama. Sisi tulingoja amsihi mume asimfukuze mtoto. Wapi! Alimgeukia jirani aliyekuwa akichungulia mlangoni: "Na wewe, mbona huo unga anaununua kwako?" Watu wakapiga vigelegele. Mwigizaji wa jirani hakulitarajia hilo, alibabaika kwelikweli, na tangu hapo hakuna aliyemjadili tena mtoto. Tulijadili nani anauza, na nani anajua akanyamaza.

Wala si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa kale wa Mombasa, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu, na bibi zetu wa lelemama, ngoma ya wanawake, walifumbana kwa nyimbo, chama kwa chama. Hata ngano haianzi mpaka msikilizaji aitikie "Pakawa!"

Hatari ipo, sikatai. Kamiriithu, kule Limuru, mwaka 1977, wanakijiji waliusahihisha wenyewe mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwenye mazoezi ya wazi, wakatia humo maisha yao. Mwaka huo huo serikali ikaupiga marufuku. Mahubiri ya fulana hayajawahi kumkosesha mkubwa usingizi.

Wafadhili wakitaka ushauri wangu, ni huu: pesa za fulana ziwe nauli ya kuwarudisha waigizaji mtaa ule ule wiki inayofuata. Yule jirani naye ana lake la kusema.