Dhahabu ikishaingia kwenye seli, itatoka lini?

Kila ninaposoma habari za chembechembe nano za dhahabu (vipunje vidogo mno visivyoonekana kwa macho) zinazobeba RNA ya tiba, yaani nyuzi za kemikali zinazoweza kuwasha au kuzima kazi ya jeni, sifa huishia mlangoni: zimeingia kwenye seli, basi vigelegele. Mimi swali langu liko ndani ya nyumba.

Nakubali kwamba mzigo wenyewe ni mgumu kubebeka. RNA ikiachwa tupu kwenye damu haifiki mbali, vimeng'enya huikatakata njiani. Hata ikinusurika, ina chaji hasi sawa na uso wa seli, kwa hiyo husukumwa nje. Dhahabu inalimudu hilo vizuri. Haishiki kutu, na salfa huing'ang'ania, hivyo nyuzi za RNA zilizotiwa salfa kwenye ncha moja huizunguka zikiwa zimesimama kama miiba ya nungunungu. Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walianza na DNA mwaka 1996. Ajabu ni kwamba nyuzi zikisongamana hivyo, seli huimeza chembe bila kubembelezwa.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wanane wa glioblastoma, saratani ya ubongo, iliyowarudia. Walipitishiwa kwenye mshipa dhahabu yenye RNA ya kuzima Bcl2L12, jeni inayozisaidia seli za saratani zisife. Uvimbe ulipotolewa kwa upasuaji, dhahabu ilikutwa humo. Ukijua jinsi ubongo unavyozifungia nje dawa nyingi, hilo si dogo. Ila jaribio halikupangwa kuonyesha kama mgonjwa anapona.

Sasa ndani ya nyumba. Mafuta yaliyobeba chanjo za mRNA za korona huvunjwavunjwa na mwili. Dhahabu haina kimeng'enya cha kuivunja. Sehemu kubwa huishia kwenye ini na wengu, ikakaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu jembe lenyewe hashiki. (Kuna wanaompa: huipiga chembe mwanga ili ipate joto na kupasua kifuko ambamo seli huifungia RNA. Nalipenda wazo hilo, lakini mwanga hauzami sana mwilini.)

Kwa saratani ya ubongo inayoua upesi, ningeikubali dhahabu leo. Kwa ugonjwa unaodai dozi miaka nenda rudi, hapana. Huko ningeanza na chembe za oksidi ya chuma badala ya dhahabu. Chuma mwili unakijua: huihifadhi akiba yake kwenye feritini, protini ya kutunzia chuma, na kukitumia kutengeneza damu.