Mlango wa Nyumbani Unatosha kwa Picha ya Familia

Katika nyumba nyingi za hapa Mtwara, ukiomba kuonyeshwa picha ya babu au bibi aliyefariki, utaletewa picha ya pasipoti. Ni ile iliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho au kadi ya bima, mbele ya kitambaa cha bluu, flashi ikiwa imemlenga usoni, kisha baada ya msiba ikakuzwa na kutiwa kwenye fremu kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Jambo hili hunihuzunisha kila ninapoliona. Mtu yule aliishi miaka sabini katika nyumba yenye mlango, na kila asubuhi mlango ule ulikuwa ukiingiza mwanga mzuri kuliko wa studio yoyote ninayoifahamu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba akae pale kwa dakika tano.

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikijifunza kupiga picha kwa kuwatumia watu wa nyumbani kwetu Magomeni, hapa hapa Mtwara, na msimamo wangu ni huu: anayetaka kujua kupiga picha za watu aanze na familia yake, kwenye mlango wa nyumba yake, kwa mwanga uliopo, na arudie mara nyingi kabla hajafikiria kununua taa. Hata simu ya kawaida inatosha kuanzia.

Nilianza vibaya. Picha ya kwanza niliyompiga baba kwa kukusudia niliipiga ufukweni Msimbati, saa sita mchana, mwezi wa Oktoba, kwa sababu bahari ilikuwa inapendeza na niliamini kwamba jua likiwa kali ndipo picha hutoka vizuri. Paji la uso lilimeta kama lililopakwa mafuta, na mahali pa macho palikuwa na mashimo mawili meusi. Sikujua kwamba Mtwara, kwa kuwa iko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, hupitiwa na jua utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari. Nilikuwa nimechagua, bila kujua, siku ambazo kivuli cha mtu hujificha chini ya viatu vyake na nyusi humwaga giza lote machoni. Hakuna kamera, hata ya bei gani, inayoweza kuyarudisha macho ya mzee aliyesimamishwa chini ya jua la namna hiyo.

Mlangoni mambo ni mengine kabisa. Jua lenyewe, kwa macho yetu, ni kitone kidogo angani, ndiyo maana vivuli vyake vina kingo kali kama zilizokatwa kwa wembe. Mlango ulio upande usiopigwa na jua huleta kitu tofauti, yaani kipande kikubwa cha anga na ukuta wa jirani na mchanga wa uwanjani, vyote kwa pamoja vikiuangazia uso kutoka upande mmoja, na kwa kuwa kinachoangaza ni kikubwa na kiko karibu, kivuli huanza polepole shavuni na kuingia gizani bila mpaka unaoonekana. Mkalishe mama hatua moja ndani ya kizingiti, mgeuze kidogo kuelekea nje, na utauona mwanga wenyewe ndani ya macho yake, kama kidirisha cheupe. Akirudi nyuma hatua tatu, kidirisha kile kinafifia na uso unapoa. Zoezi langu la kwanza la kweli lilikuwa hilo tu, kumsogeza mdogo wangu mbele na nyuma kwenye sakafu ya ukumbini na kutazama macho yake, bila kubonyeza kitu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mafunzo mengi ya kwenye intaneti hayawezi kumwambia mtu wa Mtwara, kwa kuwa yanatengenezwa na watu wanaoishi mbali sana kaskazini mwa Ikweta. Hushauri dirisha la kaskazini, na kwao ni sahihi. Kwetu, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo mlango unaotazama kusini ndio wenye mwanga tulivu kwa sehemu kubwa ya siku. Kisha jua huvuka kwenda kusini, na kwa miezi minne mlango ule ule unaanza kupigwa na miali, na hapo ndipo inabidi kuhamia mlango wa uani. Nyumba yetu ina milango miwili inayotazamana, kama nyumba nyingi za huku, nami sasa nahama na jua. Mvua zikianza Desemba, mawingu hurahisisha kazi hata uwanjani, maana anga lote linakuwa kama shuka jeupe lililotandazwa juu ya paa.

Bibi mzaa mama anaishi kijijini huko Newala, naye ana chale usoni, alizochanjwa alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Wamakonde. Katika picha yake ya kitambulisho chale zile hazionekani. Flashi ya mbele huujaza uso wote mwanga sawasawa, haiachi kivuli popote, na mstari uliochanjwa na kusuguliwa mkaa miaka mingi iliyopita unabaki kama uchafu hafifu ambao mtu angedhani ni kasoro ya karatasi. Nilimtembelea mwezi wa Novemba, msimu wa korosho, nikamkuta amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa uani unaotazama kaskazini, anabangua korosho za kula nyumbani, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Leo umekuja na kitu gani hicho, mume wangu?" Nilimweleza, nikaomba ruhusa, akasema nisubiri anawe.

Mwanga ulimjia kutoka kushoto, ukapita juu ya shavu lake kwa ubavu, na kila chale ikaamka. Kila mstari ulikuwa na ukingo wake uliong'aa na ukingo wake wenye kivuli chembamba, ile mistari iliyopindana kama pembe ikishuka kutoka kwenye paji hadi karibu na kidevu. Niliposafisha picha mjini na kumrudishia nakala, aliishika mbali kidogo na macho, akaiinamisha kuelekea mlangoni, akaweka kidole gumba shavuni na kuniambia kwamba zile zilichanjwa mwaka wa kwanza, na za kwenye paji ziliachwa hadi mwaka uliofuata kwa sababu alikuwa amelia sana. Sikuwahi kusikia habari hiyo, na mama yangu, binti yake wa kumzaa, hakuwa amewahi kuisikia pia.

Kipima mwanga cha kamera nacho kinahitaji kuelekezwa. Mara nyingi hakijui kwamba kinatazama uso. Hukadiria tu kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina weupe wa wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera huogopa ule weupe na kumzamisha gizani. Akikaa mlangoni huku chumba cheusi kikiwa nyuma yake, kamera huogopa giza na kumpausha mpaka anafanana na mgonjwa. Kwenye simu, gusa uso, kisha telezesha kidole juu au chini mpaka rangi ya ngozi ifanane na unayoiona kwa macho yako. Zaidi ya hapo pana historia: kwa miaka mingi kadi ambazo Kodak ilizitoa ili maabara zirekebishe rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na ngozi zetu zilipimwa kwa kipimo cha ngozi yake. Kadi hizo zimepitwa na wakati, lakini tumezipokea programu za simu zinazong'arisha sura bila kuulizwa, nasi wenyewe tunamtumia shangazi picha ambamo amekuwa maji ya kunde ilhali ni mweusi wa kung'aa. Mimi nimeizima kazi hiyo kwenye simu yangu, na naomba wengine wafanye vivyo hivyo. Weusi wa shangazi una rangi nyingi ndani yake, una wekundu na una buluu ya jioni, na mwanga wa mlangoni huzionyesha zote.

Wapo watakaosema kwamba picha ya heshima haiwezi kupigwa uani. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, alikuwa akiwapiga watu picha uani kwa mwanga wa mchana, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu, kwa sababu ya gharama. Picha zile leo zinatundikwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Ninapotundika khanga ya mama kwenye kamba kuwa mandhari, namfikiria mtu huyo, na najilazimisha kutazama muda mrefu kabla ya kubonyeza.

Kuna kosa jingine nililolifanya ambalo halikuhusu mwanga. Nilikuwa nikimkataza mama kubadili nguo, nikitaka aonekane "alivyo," na kitenge cha jikoni na mtandio uliochuja. Siku moja alikataa, akaingia chumbani, akatoka na gauni la Idi na hereni za mama yake, akakaa wima bila kutabasamu. Ile ndiyo picha bora niliyowahi kumpiga. Wazee wetu wengi hutaka kuonekana kwa heshima waliyoijenga, na anayewaambia "chekeni" kila mara anawanyima kitu. Tangu siku hiyo nguo ni uamuzi wa anayepigwa, na kuituma picha kwa watu wengine ni uamuzi wake vilevile.

Watoto ni habari nyingine, hawakai. Kwao nimeona inafaa kutandika mkeka karibu na mlango, kulala kifudifudi ili kamera iwe sawa na macho yao, na kuweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua jicho lake, isiyopungua sehemu 1 ya 250 ya sekunde. Jihadhari na rangi za jirani, maana turubai la bluu lililofungwa kwa ajili ya shughuli humfanya kila aliye chini yake awe na sura ya aliyezama majini, na ukuta wa kijani huacha kijani kwenye shavu. Usimsogelee mtu sana, pia: ukiwa umbali wa mkono pua hukua na masikio hukimbia, na tatizo hilo linatokana na ukaribu, si lenzi. Rudi nyuma mita mbili, kisha uvute picha karibu.

Ninasisitiza familia kwa sababu ndio walimu wakali. Mteja hulipa, hunyamaza, huondoka. Dada yangu ataniambia papo hapo kwamba nimempiga upande asioupenda, na baada ya mwezi mmoja atakuwa bado ananiambia, nami nitakuwa na nafasi ya kumpiga tena, mlango ule ule, saa nne asubuhi, jua likiwa limesogea kidogo. Kurudia huko ndiko kulikonifundisha kwamba uso wa mtu mmoja hupendeza ukiangazwa kutoka kushoto na kuharibika ukiangazwa kutoka kulia. Picha zinazofaa nazisafisha kwenye karatasi, kwa kuwa simu huibwa na huharibika, na nyuma yake naandika kwa penseli jina, mwaka na mlango uliotumika.

Baba ndiye aliyebaki. Tangu Msimbati hajakubali kukaa mbele ya kamera yangu, na nikimwomba hujibu, "Ile ya ufukweni mimi sina macho." Jioni hukaa barazani akisikiliza redio, mwanga wa saa kumi na moja ukimjia kutoka kwenye ukuta mweupe wa msikiti ulio ng'ambo ya barabara, nami hukaa karibu naye bila kuinua chochote. Wiki iliyopita alisema niwe na subira hadi msimu wa korosho uishe, atakapokuwa amenyoa ndevu.