Kanzu Imenikataa

Nguo yoyote yaweza kumbana mtu, lakini kanzu? Kanzu ni hema. Aliyeibuni alikuwa mtu mwenye huruma, alijua kuna Idi, kuna maulidi, kuna harusi, na kuna mimi. Sasa juzi natoa kanzu yangu ya sherehe, ile ya shingo ya kudariziwa, maana mpwa wangu anaoa. Naivaa. Imefika tumboni ikasimama kama gari lililokuta foleni ya Buxton hapa Mombasa. Haiteremki, hairudi. Mke wangu yuko mlangoni ananitazama, kimya. Ni kile kimya cha mwanamke mwenye maneno mengi anayeyawekea akiba.

Nikaipeleka kwa fundi. Akaigeuza, akatazama mshono wa ubavuni, kisha akanitazama mimi. "Ami, hapa hakuna kitambaa cha kuachia. Mara ya mwisho nilikuachia chote." Akanipima kiuno, halafu akapima tena, kama mtu aliyeletewa risiti ya stima asiyoiamini.

Kutoka hapo nakutana na kijana wa mizani, wale wanaokaa kando ya njia wakikupima uzito kwa shilingi 20. Nikapanda. Kilo 97. Nikamwambia mizani yako ina kasoro. Akasema, "Mzee, vua viatu." Nikavua. Kilo 96 na ushei. Nikatoa simu, funguo, na sarafu zote za abiria mfukoni. Kilo 96 kamili. Nikamwambia, "Waona? Zilizonenepa ni hela." Hakucheka. Alinyoosha mkono apewe 20 zake.

Nijitetee kidogo. Mimi ni dereva wa matatu, Bamburi kwenda mjini, mwaka wa 19 sasa. Kazi yangu ni kukaa. Na usidhani dereva hana wakati wa kula. Dereva ndiye mtu pekee Mombasa ambaye chakula humfuata dirishani. Ukisimama Kongowea, huyu analeta njugu, huyu kachri, huyu mhogo wa kukaanga umenyunyiziwa pilipili na ndimu, huyu juisi ya ukwaju ndani ya kimfuko. Foleni ikikaza darajani Nyali, naweza kula mlo mzima bila kuzima injini. Makanga wangu naye anakula vilevile, tena anakula chapati tatu na maharagwe pale mimi nala mbili, lakini ni mwembamba kama mwiko. Anaruka, anakimbia, ananing'inia mlangoni, anagombana na abiria kuhusu chenji. Hata ule ugomvi nadhani unachoma kitu.

Basi habari ya kanzu ikaenea, na mji huu ukijua una shida, kila mtu ni tabibu. Mke wangu akasema neno moja tu: mdomo. Mpwa wangu mdogo, ndugu yake bwana harusi, yule wa kubeba vyuma na kujipiga picha, akasema, "Mjomba, we fanya mazoezi tu, kula unavyotaka, utaziunguza." Barazani wakagawanyika pande mbili, kahawa ikamwagwa, mtu akaapa kwamba babu yake alikula nazi kila siku akafa na miaka mingi bila kitambi. Alipoulizwa babu alikuwa akifanya kazi gani, akasema alikuwa mpiga makasia. Mjadala ukafungwa kwa muda.

Mimi nikachagua mazoezi. Nitasema ukweli: sikuchagua kwa sababu ya hekima. Mazoezi yanahitaji miguu, na miguu yangu haina uchungu wowote na mahamri. Nilikuwa tayari kuiadhibu miguu mpaka ilie, mradi mdomo usiguswe.

Kila alfajiri baada ya sala natembea, Majengo hadi ufukoni Mama Ngina. Kule ni kuzuri, sikatai. Mibuyu imesimama kama wazee wa mtaa, bahari chini inapiga mawe, meli zinaingia pole pole kuelekea Kilindini, na feri za Likoni kwa mbali zinavuka kama zilivyo siku zote, zimejaa watu hadi ukingoni. Wanawake wamevaa buibui na raba wanatembea kwa kasi wakizungumza habari za harusi za watu bila kuhema. Mimi nahema bila kuzungumza. Mzee mmoja mwenye bakora alinipita mara mbili. Mara ya pili akanitolea salamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Lakini kurudi, yakhe. Ukirudi saa moja asubuhi, ndio wakati karai limeshika moto. Harufu ya hiliki na tui inatoka kwenye vichochoro inakushika shati. Na tumbo lililotembea saa nzima linadai kama askari aliyerudi vitani. Kabla ya mazoezi nilikuwa nala mahamri matatu. Baada ya mazoezi nikawa nala manne, na mbaazi za nazi sahani ya kujaa, na chai ya maziwa vikombe viwili, kwa sababu nimefanya kazi.

Mwezi ukaisha. Nikarudi kwa kijana wa mizani, kifua mbele. Kilo 98.

Mpwa wangu akasema, "Hiyo ni misuli, mjomba." Misuli! Misuli gani inayokaa kuzunguka kitovu na kutikisika gari likipita tuta?

Ikabidi niende zahanati, maana pumzi nayo ilianza kunisumbua. Daktari ni binti mdogo, sauti ya upole, lakini hesabu zake hazina upole hata kidogo. Akauliza natembea kiasi gani. Saa moja kwa siku, nikasema kwa fahari. Akaandika: mtu wa uzito wangu akitembea saa moja anachoma kalori 350 hivi. Nikafurahi, nikaona ni nyingi. Akauliza nala nini nikirudi. Nikamwambia nusu ya ukweli. Akasema hamri moja, kwa ukubwa wake na mafuta liliyoyanywa, laweza kufika kalori 200. Unga na sukari ni kalori 4 kwa gramu, mafuta ni 9, na tui la nazi ni mafuta hata likiitwa mchuzi. "Kwa hivyo mzee, ukila mawili, ule mwendo wote umeurudisha na chenji juu." Sikumwambia ni manne. Mbaazi sikuzitaja kabisa.

Hakutosheka. Akasema kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700 hivi. Nikamwomba kalamu. Mimi ni mtu wa hesabu za tripu, siogopi namba. Kwa miguu peke yake, bila kuongeza hata tonge, ni saa 22 za kutembea kwa kilo moja. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hiyo ni kutoka hapa mjini karibu ufike Malindi. Malindi kwa miguu! Nauli ya kilo moja! Nami nina kilo si chini ya 20 za kupeleka.

"Sasa nisitembee?" nikauliza, na nadhani sauti yangu ilikuwa na matumaini kidogo.

Akacheka. Akasema tembea, tena usiache, lakini jua unatembelea nini. Akanieleza habari ya Uingereza, na hiyo ndiyo ilinikalisha wima. Mwaka wa 1953 daktari mmoja, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva amekaa siku nzima, makanga anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Wakakuta ugonjwa wa moyo unawashika madereva zaidi kuliko makanga. Halafu mwaka wa 1956 wakaangalia sare: suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makanga. Na si waliozeeka kazini pekee, hata vijana. Kwa hivyo hata huko London mambo yalijulikana kwa fundi wa nguo. Nikatoka pale nikimtazama makanga wangu kwa wivu mpya. Kijana ananing'inia mlangoni kumbe anauhudumia moyo wake kwa mshahara wangu.

Nilidhani hiyo hadithi itanisaidia nyumbani. Nikamwambia mke wangu: waona, ni kukaa, si kula, hata Wazungu wamesema. Yeye akachukua simu yake. Mke wangu akichukua simu yake katikati ya ubishi, mimi huanza kutafuta viatu.

Akanisomea habari za Wahadzabe wa Tanzania, huko Ziwa Eyasi, watu wanaowinda na kuchimba mizizi, wanatembea mwendo mrefu kila siku. Mwaka wa 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake wakapima nguvu wanazotumia kwa siku. Unatarajia ziwe maradufu, sivyo? Ukishazingatia ukubwa wa miili yao, hazikutofautiana na za watu wa Marekani wanaokaa ofisini. Pontzer anasema ni kana kwamba mwili una bajeti: ukiutumisha sana huku, unabana kule.

"Kwa hivyo Wahadzabe si wembamba kwa sababu ya kutembea tu," akasema. "Huko porini hakuna anayewafuata na mahamri dirishani." Akaweka simu chini. Ile akiba ya maneno ilikuwa imefika muda wake wa kutolewa, na ilikuwa na riba.

Kesho yake jikoni kukawa na serikali mpya. Asubuhi uji wa wimbi bila sukari. Mchana mchicha, kunde, na ugali mdogo hata ukiona ngumi utadhani ni kubwa. Soda ikapigwa marufuku, kwamba chupa ya nusu lita ina sukari karibu gramu 50, vijiko 12 hivi, ambavyo hakuna mtu angevitia kwenye chai mbele ya watu. Usiku samaki wa kupaka bila nazi. Nikauliza kwa adabu, sasa amepakwa nini? Nikaambiwa amepakwa ndimu na subira.

Na nyumbani bado ni rahisi. Shida ni mji. Hebu niambie, mtu wa Mombasa atapunguzaje chakula wakati chakula chenyewe kinaletwa kwenye sinia? Mmekaa wanne, sinia moja la pilau, nyama imerundikwa katikati. Kipimo chako ni kipi? Ukila kidogo, wenzako wanakuuliza kama una deni nao. Ukisema unapunguza uzito, mwenye nyumba anakusukumia pande la nyama kwa mkono wake, na mkono wa mwenye nyumba haurudishwi. Mwezi mtukufu ndio usiseme: mchana nafunga, jioni viazi vya nazi, kaimati, vibibi, tambi, na magharibi moja yanafuta siku nzima. Mimi ndiye mtu ninayefunga mwezi mzima nikatoka nimeongezeka.

Lakini nikavumilia. Wiki nane. Kutembea sikuacha, maana nikiacha pumzi inanirudia, na pia yule mzee wa bakora sasa namfikia begani. Mahamri nikayashusha hadi moja, siku ya Ijumaa mawili, na hilo ni siri yangu na mwenye karai. Pale Kongowea namwachia makanga ashughulike na watu wa dirishani. Anakula ya kwake na ya kwangu, na bado ni mwiko.

Jumamosi nikapanda mizani. Nilivua viatu bila kuambiwa. Kilo 93. Kijana akatazama, akatazama tena, akasema, "Mzee, ulikuwa mgonjwa?"

Nikaenda mbio kwa fundi, kwa sababu alikuwa ameshaitia ile kanzu kipande cha kitambaa kila ubavu, kama gari lililopigwa viraka. Nikaivaa, ikateremka hadi miguuni bila kusimama popote. Nikamwambia basi toa hivyo vipande, irudishe ilivyokuwa.

Akaikunja kanzu taratibu, akaitia kwenye mfuko, akanipa.

"Harusi ni lini, ami?"

"Jumapili."

"Na biriani ni la mbuzi?"

"La mbuzi."

"Basi niletee Jumatatu," akasema, "nikupime kwanza."