Miti ya mjini Unguja na moshi tunaouvuta

Darajani, mjini Unguja, pamepata jina lake kutokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa katika karne iliyopita, na palipokuwa pakipita maji leo hupita daladala, malori na bodaboda kutwa nzima. Ukilifuta kwa kidole jani la mkungu ulio kando ya barabara, kidole hutoka cheusi. Wanaotaka miti na mikoko irudishwe mjini huliona jani hilo kuwa ushahidi wao kwamba miti husafisha hewa, kwa kuwa uchafu ulionata pale haukuingia kifuani mwa mtu. Hoja hiyo ina ukweli, ila naona imebebeshwa mzigo unaoizidi nguvu.

Jani hunasa vumbi na masizi juu yake, na kwa vitundu vyake hufyonza baadhi ya gesi zitokazo katika injini. Majani yenye malaika hunasa zaidi kuliko yanayoteleza. Hata hivyo mvua ikinyesha masizi huoshwa yakaingia mtaroni, na upepo mkali huyapeperusha tena baadhi yake. Mahesabu yaliyofanywa katika miji ya Marekani yameonesha kuwa miti yote ya mji, kwa wastani, huipunguzia hewa uchafu kwa chini ya asilimia 1. Kiasi hicho ni kidogo mno, hasa tukikumbuka kuwa mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe ndogo kinachopendekezwa, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo.

Lipo pia suala la mahali. Katika njia nyembamba iliyobanwa na majumba marefu pande zote mbili, matawi yaliyofumbana juu hufanya kama kifuniko, moshi wa magari ukabaki chini wanakopita watu, ilhali bila kifuniko hicho kaskazi au kusi ungeuzoa. Aina ya mti nayo ina athari: mvinje na mkaratusi hutoa gesi ambayo, ikikutana na moshi wa magari juani, husaidia kuzalisha ozoni, nayo huumiza mapafu. Sisemi mivinje ikatwe. Nasema isipangwe mistari mirefu kando ya barabara zenye msongamano kwa sababu tu inakua haraka.

Anayeishia hapo akasema miti ni pambo tu hunishawishi hata kidogo. Kivuli hupoza mtaa, na nyumba iliyopoa haihitaji kiyoyozi kwa saa nyingi. Mikoko ya Maruhubi haichuji masizi ya Darajani, lakini huhifadhi kaboni katika tope, huzuia mawimbi na kulea samaki. Msitu wa Masingini hulinda vyanzo vya maji ya mji. Faida hizi zinatosha kuitetea kazi ya kurejesha uoto bila kuongeza ahadi ya hewa safi, ambayo isipotimia watu wataikatia tamaa kazi nzima.

Tatizo zito zaidi la hewa yetu liko karibu na pua zetu. Jioni, katika chumba kisicho na dirisha la kutosha, mama hupepea seredani ili mkaa ushike, mtoto akiwa mgongoni, na hakuna mti wa nje unaoweza kuufikia moshi ule. Uchochoroni taka huchomwa pamoja na plastiki kwa sababu gari la taka halikupita. Mkaa wenyewe hutokana na miti, hivyo gesi ya kupikia ikiwa ya bei nafuu huokoa mapafu na msitu kwa pamoja. Fedha ikiwa haba, ningeanza na jiko na taka, kisha miche.

Na miche ikipandwa, ningeitanguliza kwenye skuli zinazopakana na barabara kuu: ua mnene wa vichaka vyenye majani kuanzia chini, baina ya magari na uwanja wa watoto, kwa sababu hapo kizuizi huelekeza moshi juu kabla haujafika usawa wa nyuso zao. Upandwe masika yanapoanza, ili mizizi iwe imeshika kabla ya jua la kaskazi.