Kabla ya Kuuliza Virusi, Uliza Kidonda Kiko Wapi

Saratani ya tonsili na saratani ya shavu hutiwa kapu moja, "saratani ya mdomo", na hilo huwaumiza wagonjwa.

Kooni, virusi vya papiloma (HPV) aina ya 16 hukaa zaidi kwenye tonsili na shina la ulimi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, wagonjwa wa saratani ya sehemu hizo iliyofikia hatua ya tatu au ya nne walifuatiliwa: baada ya miaka 3, asilimia 82.4 ya wenye virusi walikuwa hai, na asilimia 57.1 ya wasio navyo. Virusi hutengeneza protini E6 inayoangamiza p53, mlinzi wa seli, lakini jeni inayounda p53, iitwayo TP53, kwa kawaida hubaki nzima. Kwa hiyo mionzi huikuta seli ambayo bado yaweza kujiua. Tumbaku huivunja jeni yenyewe, na mlinzi harudi. Hata mwenye virusi, akiwa mvutaji sana, nafuu hiyo hupungua.

Sasa tuje Mombasa, kwenye tambuu, jani linalotafunwa pamoja na popoo. Popoo husababisha saratani hata bila tumbaku, na kidonda chake hutokea shavuni au kwenye ufizi, pahali ambapo virusi hivi ni nadra. Huko kipimo cha p16, protini inayotumiwa kama dalili ya virusi hivi, hakibashiri uhai kama kwenye tonsili, wala hakibadilishi hatua ya ugonjwa. Kwa maoni yangu, fedha za kipimo hicho zisitolewe kwa saratani ya shavu. Dai ripoti itaje kina cha uvimbe kwa milimita, ukingo uliokatwa uko safi kiasi gani, na kama tezi za shingo zimeingiwa na saratani. Uvimbe wa sentimita 2 hupanda kutoka T1 hadi T2, yaani daraja la kwanza hadi la pili la ukubwa wa uvimbe, kina kikivuka milimita 5.

Na yote haya hutegemea kichupa kinachobeba kipande cha kidonda kwenda maabara. Kipande kikatwe pembeni mwa kidonda, kiguse na nyama nzima; katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa. Kitiwe mara moja kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, ujazo wake mara 10 ya kipande, kwa saa 6 hadi 72. Kwenye maji ya chumvi kitaoza. Kikikaa wiki nzima ndani ya fomalini, DNA hukatikakatika, na TP53 haisomeki tena vizuri. Andika kwenye kichupa saa kilipotiwa, na kwenye fomu mahali kilipotoka: "shavu la kushoto", si "mdomo".