Kwa Ajili ya cc 36

Jamani, mwenzenu nimekoma. Corolla yangu ya 1990, injini 2E ya kabureta, cc 1295, ilikuwa ikinipeleka ng'ambo ya kivuko cha Likoni, Mombasa, na kunirudisha. Yafuka moshi kidogo, lakini yaenda. Shetani akanipitia barazani, mtu akasema: "Tia injini ya 4E, ya kupuliza petroli kwa sindano, si kabureta. Washusha hii wapandisha ile, kazi ya siku moja."

4E ni cc 1331. Tofauti ni cc 36, hazijazi hata kikombe cha kahawa tungu ya Mwembe Tayari. Kwa ajili ya hizo, wiki tatu nimepigana vikumbo kwenye matatu, gari li juu ya mawe.

Na yule wa siku moja hakusema uongo. Injini iliingia siku moja, giaboksi ikakubali. Waya sasa! Aliyezikata kule Japani sijui alikuwa akikimbizwa na nani. Zimejaa kama sinia ya tambi za Ramadhani: nyekundu ya mstari mweusi, nyeusi ya mstari mwekundu, na kwa macho yangu haya, magharibi, zote kahawia. Kompyuta ya injini yataka moto wa betri moja kwa moja, yataka wa ufunguo, yataka wa stata. Kabureta haikuwa na madai hayo. Pampu yake ilisukuma petroli kwa presha ya kama psi 4 ikatosheka; huyu bibi harusi ataka kama 40, basi shusha tangi, tia pampu ya umeme, na mpira wa kurudisha mafuta. Karo ya muhula ikaenda humo.

Taa ya injini ikawaka, ikakataa kuzima. Nikaunganisha TE1 na E1, matundu ya soketi ya kupimia gari, kwa kipande cha waya, taa ikaanza kukonyeza: mbili, ikapumzika, mbili. Nahesabu kwa vidole. Mama watoto akapita na ndoo: "Leo wavuta uradi na gari?" Namba ya hitilafu 22 hiyo, sensa ya joto la maji. Soketi nilikuwa sijaichomeka. Haya, nikaichomeka.

Nikazungusha ufunguo. Stata ikaguna kama mzee aliyeamshwa daku, na kebo ya eksileta ikaanza kufuka moshi. Kebo ya eksileta, wallahi! Kamba ya chuma isiyokuwa na umeme wowote! Barazani wakasema ni kompyuta, wakasema ni fyuzi, mmoja akasema hilo jini, nitafute mtu wa kulisomea.

Kijana wa tuktuk akainama, akachungulia. "Shikamoo, ami. Erthi ya injini na bodi mumeifunga wapi?"

Kimya. Kumbe umeme wa stata lazima urudi betri, na ukikosa njia yake wapita popote chuma kiliposhikana na chuma. Kebo ile nyembamba ndiyo iliyojitolea. Erthi yenyewe ni ule waya bapa wa shaba, uliosukwa kama ukili. Nikapekua sanduku la spana, nikapekua chini ya gari, nikapekua mpaka mfuko wa taka.

"Ule utepe?" akauliza mama watoto. "Si ulikuwa umeutupa? Nimefungia banda la kuku."

Nikaufungua mbio mbio, nikakwangua rangi ya bodi kwa msasa, nikakaza bolti. Ufunguo nusu tu, injini ikawaka, ikatulia kama paka aliyeshiba. Natabasamu peke yangu, naona kuku wanapita mbele ya boneti kwa foleni, jogoo kaongoza, wanashika njia ya kivukoni.

Wamerudi wote ila jogoo. Mama watoto kaapa hapandi gari hilo mpaka arudi.