Kijana wa Miaka 26 Hana Mstari Kwenye Matangazo

Chukua karatasi ya matangazo ya Dominika ya parokia ya Katoliki uisome ukiwa na mtu mmoja akilini: ana miaka 26, amemaliza masomo, hajafunga ndoa, anafanya kazi kwa zamu. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza yapo, Kipaimara kipo, semina ya wachumba ipo, kikao cha wanandoa kipo. Yeye hana hata mstari. Tunamwita "kijana", tunamkalisha na wa miaka 15, akija mara moja asirudi tunasema imani imepoa. Mimi naona alichokosa ni mlango wa kuingilia.

Dawa inayokimbiliwa ni tamasha. Spika zinakodiwa, fulana zinachapwa, watu wanajaa, na Jumatatu hakuna anayejua jina la yeyote aliyekuja. Katika Christus Vivit, wosia wa kitume alioutoa mwaka 2019 baada ya Sinodi ya Maaskofu ya 2018 kuhusu vijana, Papa Fransisko anataja njia kuu mbili za utume wa vijana (namba 209): kuwatafuta na kuwaalika vijana, kisha kuwakuza. Tamasha, hata likifana namna gani, linagusa ile ya kwanza tu.

Anzeni na majina. Baada ya kila Misa ya Dominika, wawili wasimame kwenye kila mlango, angalau mmoja wao awe wa rika la vijana hao. Wamuulize kila kijana mambo matatu: jina, namba ya simu, na siku ya wiki ambayo mtu huwa na nafasi. Msitoe fomu ndefu, maana anayejazishwa fomu kanisani anahisi anaandikishwa mchango. Ndani ya saa 48 apigiwe simu, asikie sauti ya mtu, aalikwe kwenye jambo lenye siku, saa na mahali. "Karibu wakati wowote" haimfikishi mtu popote.

Anakoalikwa ni kwenye kikundi cha watu 8 hadi 12 kinachokutana kila wiki, siku ile ile, kwa dakika 90 tu. Dakika 10 za kupokeana. Dakika 15 za kusoma Injili ya Dominika inayofuata, mara mbili, kila mara kwa sauti ya mtu mwingine. Dakika 5 za ukimya kamili, simu zimezimwa. Dakika 40 za kushirikishana, 10 za kupanga tendo moja la wiki, 10 za sala. Wakifika 14, gawanyeni, kwa sababu hapo wapole huanza kunyamaza. Kiongozi asiwe mmoja. Wawe wawili, kwa miaka 2 basi. Kikundi kinachomtegemea paroko peke yake hufa siku anapohamishwa, na hili tumeliona mara nyingi mno katika maparokia hata tusiweze kulichukulia kuwa bahati mbaya.

Kosa linaloua vikundi vingi zaidi ni dakika zile 40 kugeuka darasa. Mmoja anajua mengi, anahubiri, wengine wanatikisa vichwa. Mwongozaji aulize swali moja, kwa mfano "neno gani limekugusa, na kwa nini?", kisha avumilie ukimya hata sekunde 20 bila kuujaza. Zinaonekana ndefu sana, lakini mara nyingi anayezungumza baada yake ndiye aliyekuwa na la kusema.

Kuhusu kumshirikisha imani aliye nje, wengi huogopa wakidhani lazima wawe na jibu la kila swali. Tazameni Matendo ya Mitume sura ya 8: Filipo anamkimbilia towashi wa Ethiopia anayesoma Maandiko akiwa garini, anamuuliza kama anaelewa anachosoma, anapanda gari hilo baada ya kuombwa, kisha anaanzia kwenye andiko lile lile lililokuwa mkononi mwa mwenzake. Mfuateni kwa mpangilio huo. Ushuhuda wenyewe uandaliwe uwe wa dakika 4: maisha yalivyokuwa, Kristo alivyoyagusa, yalivyo sasa pamoja na yale ambayo bado ni magumu. Ujaribiwe kikundini kwanza. Msiifute sehemu ya mwisho, maana ushuhuda usio na jeraha lolote msikilizaji hauamini.

Halafu kuna kazi. Kijana huyu tunamkumbuka viti vikihitaji kupangwa na spika kubebwa. Apewe usomaji wa masomo, mafundisho ya katekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), hesabu za fedha, kwa mafunzo na kwa muda unaojulikana. Anayefanya kazi na watoto apitie kwanza taratibu za ulinzi wa watoto za jimbo. Kitubio nacho kisiwe Jumamosi mchana peke yake, wakati ambapo mwenye zamu ya mchana yuko kazini. Padre akikaa kiti cha kitubio dakika 30 kabla ya Misa ya jioni siku moja ya wiki, mlango mwingine umefunguliwa.

Penye baraza la kichungaji la parokia, vijana wapewe nafasi mbili, maana anayeingia peke yake kati ya wazee huishia kuitikia. Kwa mujibu wa Kanuni ya 536 ya Sheria za Kanisa baraza hilo lina sauti ya ushauri tu, kwa hiyo si kila hoja yao itapita. Lakini kila hoja ipate jibu katika muhtasari wa kikao: imekubaliwa au imekataliwa, kwa sababu gani, nani ataitekeleza, na lini.